Wi-Fi ya chuo: anzia kwenye nywila, WPA3 itasubiri

Kikao cha kuchagua ulinzi wa Wi-Fi ya chuo mara nyingi hufunguliwa na swali moja: "Tuweke WPA2 au WPA3?" Saa nzima inaliwa hapo, na jibu lake halibadilishi kitu kikubwa. Usimbaji wa AES uliokuja na WPA2 mwaka 2004 bado umesimama. Kasoro ya KRACK aliyoifichua Mathy Vanhoef mwaka 2017 ilihusu namna funguo zinavyopachikwa wakati wa kuunganishwa, AES yenyewe haikuguswa, na masasisho yaliiziba. Anayetaka nywila za wanachuo leo hahangaiki na AES. Anafungua laptopu, anaupa mtandao wake jina lilelile la mtandao wa chuo, anasubiri.

Maswali yanayoamua ni haya mawili. Nywila za watumiaji zimehifadhiwaje kwenye seva yenu? Na je, simu ya mwanafunzi itakagua cheti cha seva (kitambulisho chake cha kidijitali) kabla haijatoa nywila? Mkishayajibu hayo, njia inajichagua yenyewe.

Tuchukue sura ya chuo inayojirudia sana huku kwetu: wanafunzi 4,000, wengi wakiwa na simu za Android za kila umri, mabweni manne, maktaba, vimbweta chini ya miti, umeme unaokatika bila taarifa, na idara ya TEHAMA yenye watu wanne ambao pia ndio mafundi wa projekta.

Njia tatu za mkato

Nywila moja kwa wote ndiyo rahisi kuliko zote: unaiweka kwenye AP (vile vibakuli vyeupe vya darini vinavyorusha Wi-Fi), unaibandika maktaba, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba katika WPA2-Personal, yeyote anayeijua nywila hiyo, akinasa zile pakiti nne ambazo simu yako hubadilishana na AP wakati wa kuunganishwa, anaweza kuyafungua mawasiliano yako yaliyosimbwa. Asiyeijua naye anaweza kunasa pakiti hizohizo akaenda kubahatisha chumbani kwake kwa utulivu, na jina la chuo likifuatiwa na mwaka halimkawizi. WPA3-Personal imeziba matundu hayo mawili, lakini haisemi nani ni nani. Mwanafunzi akihitimu, mtabadilisha nywila ya watu 4,000? Kwa ofisi ya watu kumi na watano inatosha. Kwa chuo hapana.

Orodha ya anwani za MAC (namba za utambulisho za vifaa) ni kazi ya kujichosha. MAC hupita hewani ikiwa wazi, na kuibadilisha kwenye Linux ni suala la amri moja. Isitoshe, tangu Android 10 na iOS 14 simu hutunga MAC ya bandia kwa kila mtandao, kwa hiyo aliyesajiliwa Jumatatu anaweza kurudi dirishani Alhamisi kwa sababu alibonyeza "sahau mtandao" kwenye iPhone yake.

Ukurasa wa kuingilia, ule unaochomoza kwenye kivinjari ukidai namba ya usajili, unapendwa kwa sababu kila mtu ameuona hotelini. Lakini kwa kawaida mtandao ulio nyuma yake uko wazi, na ukurasa hausimbi chochote. Unaamua tu nani apite kwenda intaneti. Jirani akiiga MAC ya aliyekwisha kuingia, mlango unamwona kuwa ndiye yeye. Na kuughushi ukurasa wenyewe ni kazi ya nusu saa: unauhifadhi kutoka kwenye kivinjari, unaupakia kwenye laptopu, basi. Waachieni wageni wa siku moja, kwa vocha, kwenye VLAN (kipande cha mtandao kilichotengwa) isiyogusa kitu chochote cha chuo.

Na kama kuna AP kwenye kona fulani bado inarusha usimbaji wa zamani, WEP (iliyovunjwa tangu 2001) au TKIP, izimeni leo. TKIP ina adhabu ya ziada: AP ya 802.11n ikitumia TKIP hurudi kwenye Mbps 54, na lawama zote humwangukia mtoa huduma wa intaneti.

802.1X na swali la heshi

Kinachobaki ni WPA2-Enterprise au WPA3-Enterprise, yaani 802.1X, ambapo kila mtu huingia kwa utambulisho wake. Wahusika ni watatu: simu, AP, na seva ya RADIUS inayothibitisha watumiaji. Simu huzungumza na RADIUS kupitia AP, ambayo ni mjumbe tu, haioni nywila. RADIUS ikiridhika, inaipa AP ufunguo wa simu hiyo peke yake. Uthibitishaji hupita UDP 1812, kumbukumbu za matumizi UDP 1813. Programu ya seva hiyo, FreeRADIUS, ni ya bure na inatosha kabisa. Wekeni seva mbili, si moja, na zote mbili ziwe kwenye UPS.

Sasa lile swali la kwanza. Nywila zikiwa Active Directory (hifadhi ya akaunti ya Microsoft), zipo kama NT-hash, aina ya heshi, yaani nywila iliyosagwa isisomeke, na hapo PEAP yenye MSCHAPv2, mojawapo ya njia za kumthibitisha mtumiaji, inawezekana. Zikiwa OpenLDAP (hifadhi huria ya akaunti), kwa kawaida zimesagwa kuwa heshi iliyotiwa chumvi (data ya nasibu), kama SSHA, na hapo PEAP-MSCHAPv2 haiwezekani kabisa. Watu hupoteza wiki nzima kwenye hili. MSCHAPv2 inadai nywila yenyewe au NT-hash yake. Hakuna mpangilio wa FreeRADIUS utakaogeuza SSHA kuwa NT-hash. Ukiona `radtest` ya kawaida (amri ya kujaribu seva) inakubali lakini simu zinakataliwa, usiendelee kuchokonoa mafaili: tazama heshi kwanza. Suluhisho lisilo sahihi, ambalo hupendekezwa haraka, ni kuanza kuhifadhi nywila zikiwa wazi. Suluhisho sahihi ni EAP-TTLS yenye PAP ndani yake, ambayo hukubali heshi ya aina yoyote kwa sababu nywila hufika kwenye seva ikiwa nzima, ndani ya handaki la TLS (njia iliyosimbwa), na seva ndiyo inayoisaga na kulinganisha. Android, iPhone na Windows kuanzia toleo la 8 vyote vinaijua TTLS.

MSCHAPv2 nayo isitukuzwe kupita kiasi. Mwaka 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba kuivunja ni sawa na kuvunja ufunguo mmoja wa DES wa biti 56, kazi ya chini ya siku moja kwa mashine maalumu. Kinachoilinda ni handaki la TLS linaloizunguka. Na kwenye Windows 11 toleo la 22H2, matoleo ya Enterprise na Education, kinga ya Credential Guard huwashwa yenyewe pale kompyuta inapokidhi masharti, na huizuia MSCHAPv2 kutumia nywila ambayo mtu ameingilia kwenye kompyuta. Wafanyakazi wataanza kulalamika kwamba Wi-Fi inawadai nywila. Si hitilafu ya AP.

Njia ya tatu ni EAP-TLS, ambayo haina nywila: kila kifaa kina cheti chake. Seva ya bandia haipati kitu cha kuiba. Ndiyo bora kuliko zote, na ndiyo inayotisha, kwa sababu mtu lazima atoe vyeti 4,000 na zaidi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani. Siku hizi programu ya geteduroam, ikiunganishwa na mfumo wa kuingia wa chuo, humpa mwanafunzi cheti bila yeye kujua neno "cheti". Muda wa cheti uwe mwaka mmoja. Kuhusu kufuta vyeti vya waliofukuzwa, msihangaike na orodha za ubatilisho mwanzoni: iambieni RADIUS itazame, kila mtu anapoingia, kama akaunti yake bado iko hai.

Mapendekezo yangu, kwa uwazi: kama mna mtu mmoja anayeweza kutunza mfumo wa vyeti, nendeni EAP-TLS. Kama hamna, na nywila ziko LDAP, TTLS/PAP. Kama mko Active Directory na hamtaki kujenga kitu kipya, PEAP. Lakini mbili hizi za mwisho zina sharti moja lisilojadiliwa.

Simu ikague cheti

Fikiria mtu amekaa kwenye kimbweta na laptopu inayoendesha hostapd (programu ya kuigeuza kuwa AP) na RADIUS yake ndogo, ikirusha jina lilelile la mtandao wa chuo. Mawimbi yake yako mita mbili kutoka kwa wanafunzi; AP halisi iko ukutani mita thelathini. Simu huchagua mawimbi yenye nguvu. Inafungua handaki la TLS na seva ile ya bandia, na kama haikuambiwa ikague cheti, inamkabidhi nywila. Kwa PEAP anapata MSCHAPv2 ya kwenda kuvunja baadaye. Kwa TTLS/PAP anaipata nywila yenyewe, herufi kwa herufi. Hiyo ndiyo bei ya PAP, na ndiyo maana bila kukagua cheti ni heri msiitumie. Kumbukeni pia kwamba kwenye vyuo vingi nywila hiyo ndiyo inayofungua matokeo, usajili na barua pepe.

Sasa tazama kioo cha simu. Mwanafunzi akijiunga kwa mkono, Android humwonyesha fomu: aina ya EAP, aina ya uthibitishaji wa ndani, cheti cha CA (mtoaji wa vyeti), kikoa, utambulisho, utambulisho wa nje, nywila. Sehemu saba. Anajua mbili. Kwenye cheti cha CA, kwa miaka mingi kulikuwa na chaguo la "usithibitishe", na kila aliyechoka alilibonyeza. Google ililiondoa kwenye sasisho la Android 11 la Desemba 2020. Watengenezaji wengine walifuata kwa mwendo wao, kwa hiyo utakutana na simu zinalo na simu zisizo nalo chumba kimoja. Android 13 ilileta chaguo la kuamini cheti cha mara ya kwanza, ambalo ni afadhali, mradi mara hiyo ya kwanza isiwe pale kwenye kimbweta. iPhone huonyesha cheti na kitufe cha kuamini. Watu hubonyeza.

Kwa hiyo msimwachie mtu ajaze fomu. Bango la "chagua PEAP, kisha usithibitishe" linalobandikwa kwenye milango ya maktaba ni maelekezo ya kuibiwa yaliyogongwa muhuri wa chuo. Toeni profaili iliyojazwa tayari: kwa walio kwenye eduroam (Wi-Fi ya pamoja ya vyuo) kuna eduroam CAT na geteduroam, bure. Wasio na bando la kupakulia programu wawekeeni mtandao mdogo wazi unaofika kwenye ukurasa huo mmoja tu na si kwingine.

Vyeti vyenyewe: tengenezeni CA yenu wenyewe kwa kazi hii tu, yenye umri wa miaka 10 hadi 20. Vyeti vya Let's Encrypt (CA ya umma) havifai hapa. Vinaisha upesi, mnyororo wake hubadilika bila ninyi kuulizwa, na simu ikiamini CA ya umma bila kubanwa na jina la seva, yeyote mwenye cheti cha CA hiyo atapita. Cheti cha seva kisizidi siku 825, maana Apple hukataa kinachozidi hapo. Kiwe na jina la seva kwenye sehemu ya majina mbadala, tuseme `radius.chuochetu.ac.tz`, na matumizi ya serverAuth yaandikwe ndani yake, la sivyo Windows itagoma. Seva zote mbili zitumie jina hilohilo. Ufunguo wa siri wa CA usikae kwenye seva: uwe kwenye flashi mbili zilizosimbwa, moja kasiki la chuo, nyingine mahali pengine. CA ikipotea, kila simu chuoni italazimika kuwekewa profaili upya, na hiyo ni wiki mbili za foleni.

Kwenye FreeRADIUS

Ukiisakinisha kwenye Debian au Ubuntu inakuja na mambo matatu ya kubadilisha kabla ya yote. Katika `mods-available/eap`, aina ya msingi ya EAP ni md5. Iwe ttls, peap au tls. Vyeti vya mfano vilivyomo viondoke. Na siri ya majaribio, `testing123`, isitoke nje ya mashine hiyo. Siri kati ya AP na RADIUS iwe iliyotungwa na mashine bila mpangilio, herufi 24 au zaidi. Haiandikwi na mtu kila siku, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwa fupi. Washeni pia `require_message_authenticator`. Udhaifu wa Blast-RADIUS uliotangazwa Julai 2024 haukugusa EAP, lakini swichi na vifaa vingine vinavyotumia RADIUS hiyohiyo vinaweza kuguswa.

Kabla ya kugusa simu yoyote, jaribu kwa `eapol_test`, programu inayojifanya simu. Ni faili dogo tu:

```
network={
  ssid="eduroam"
  key_mgmt=WPA-EAP
  eap=TTLS
  anonymous_identity="anonymous@chuochetu.ac.tz"
  identity="jaribio@chuochetu.ac.tz"
  password="..."
  ca_cert="/root/ca.pem"
  phase2="auth=PAP"
}
```

Ikimalizia na SUCCESS, seva iko sawa, na tatizo lolote baada ya hapo liko kati ya AP na simu. Ikikataa, simamisha huduma, endesha `freeradius -X`, soma. Ikisema ombi limetoka kwa "unknown client", anwani ya AP haimo kwenye `clients.conf`. Ikisema Message-Authenticator si halali, siri hazilingani. "Unknown CA" maana yake simu imekikataa cheti chako, na imefanya vyema: profaili yake ni ya CA nyingine. Kimya kitupu, hakuna mstari hata mmoja? Fayawoli inazuia 1812. Mazungumzo yakikatika katikati, mara tu baada ya seva kutuma cheti chake, njiani kuna kifaa kinachotupa vipande vya UDP. Acha `fragment_size` kwenye 1024 na ufupishe mnyororo wa vyeti.

Kuna kosa moja dogo linaloliza watu. Kibodi ya simu ikikamilisha neno yenyewe huacha nafasi tupu mwishoni. Sera ya `filter_username` ya FreeRADIUS hukataa jina lenye nafasi, mwanafunzi anaona "nywila si sahihi", na anaapa kwamba ni sahihi. Anasema kweli.

Umeme nao. Ukirudi, AP zote huamka pamoja na simu mia kadhaa hubisha hodi kwa dakika moja. Washa kashe ya vipindi vya TLS (`cache`, `enable = yes`, saa 24) ili waliokuwemo wasirudie mazungumzo yote. Na kama seva ni mashine kuukuu yenye betri ya saa iliyokufa, itaamka ikiamini ni mwaka 2010, na vyeti vyote vitaonekana havijaanza kutumika. NTP (huduma ya kusahihisha saa) ianze kabla ya RADIUS. Laptopu za wanafunzi zina ugonjwa huohuo: tazama saa yake kabla hujafuta profaili.

VLAN, eduroam, na printa

RADIUS inaweza kuelekeza kila mtu kwenye VLAN yake, kwa hiyo jina moja la mtandao linawatosha wanafunzi na wafanyakazi. Rudisha sifa tatu: Tunnel-Type iwe VLAN, Tunnel-Medium-Type iwe IEEE-802, Tunnel-Private-Group-Id iwe namba, mfano "20". Kwa TTLS na PEAP sifa hizi huzaliwa ndani ya handaki na haziji nje zenyewe. Kwenye `sites-available/inner-tunnel`, sehemu ya post-auth, kuna `if (0)` inayosubiri uigeuze kuwa `if (1)`. Na kama mtu ameunganishwa vizuri lakini anapata anwani ya 169.254, VLAN hiyo haijapitishwa kwenye mlango wa swichi uliko AP. Kila jina la mtandao unaloongeza hutangazwa karibu mara kumi kwa sekunde na kila AP, kwa hiyo majina manane hula hewa hata kabla mtu hajaunganisha. Matatu yanatosha.

Mkifika hapa, eduroam ni hatua ndogo tu. Wazo lake lilitoka kwa Klaas Wierenga wa SURFnet, Uholanzi, mwaka 2002, na kwetu huratibiwa na mitandao ya elimu ya nchi: TERNET Tanzania, KENET Kenya, RENU Uganda. Jina ni `eduroam`, herufi ndogo zote. Mtego wake mkubwa ni mtumiaji anayejiandika bila `@chuochetu.ac.tz`: nyumbani anapita, akifika chuo kingine anakataliwa, kwa sababu hakuna ajuaye ombi lipelekwe wapi. Kataeni majina yasiyo na kikoa hata nyumbani, tangu siku ya kwanza, ili kosa lionekane akiwa karibu na dawati lenu kuliko akiwa Nairobi kwenye mkutano.

WPA3? Washeni ulinzi wa fremu za usimamizi kama hiari, si lazima, simu kongwe zisikwame. Kwa GHz 6 WPA3 ni lazima na hamna la kuchagua. Ile WPA3-Enterprise ya biti 192 si ya chuo.

Printa, televisheni na vifaa vya maabara havijui 802.1X. Vipewe mtandao wao wenye nywila tofauti kwa kila kifaa, kama AP zenu zinaweza, na VLAN isiyotoka nje. Vihesabuni kabla ya kuzima mtandao wa zamani, maana vitakumbukwa siku vitakapokwama. Anzeni na jengo moja, wiki mbili, mitandao yote miwili ikiwa hewani, kisha tangazeni tarehe ya kuuzima ule wa zamani. Isiangukie wiki ya mitihani wala wiki ya usajili. Ijumaa jioni pia iepukeni.